Kama Hawajui Kitu, Mbona Mnawaficha?

Minza mwanangu,

Marahaba. Najua hujanisalimia bado, lakini nakujua wewe. Utafungua bahasha hii huko Morogoro, utaona mwandiko wangu, na mdomo utasema shikamoo wenyewe kabla hujasoma neno la pili. Kwa hiyo nimeitika mapema, tuendelee.

Nakuandikia nikiwa nimekaa nje ya bucha, kwenye benchi la wateja. Jua bado liko juu lakini nimefunga. Watu wanapita wananiuliza kuna msiba gani, nawaambia hakuna msiba, binti yangu anasafiri kesho alfajiri, anakwenda kusomea udaktari wa mifugo. Kuna mama mmoja alikuja kutafuta nyama ya supu tu, akaondoka bila nyama ila na habari zako zote, tangu ulivyofaulu kidato cha sita hadi rangi ya begi lako. Mama yako anasema nimekuwa kero mtaani. Anivumilie. Wiki ijayo nitarudi kuwa mtu wa kawaida.

Habari za kula kwa wakati, kutowaamini watu wa njiani na kuvaa sweta asubuhi sitazigusa. Mama yako amezisema zote, na nyingine amezisema wakati wewe hata chumbani hupo, anaziambia nguo zako. Mimi nina jambo moja tu. Ni lile neno nililokwambia siku ile baada ya mambo ya Shangazi. Nilikwambia, "Utazoea." Juzi nikakusikia unamwambia mama yako jikoni kwamba utakwenda, na kwamba utajilazimisha uzoee, kama baba alivyosema. Nilikuwa mlangoni na ndoo. Tangu hapo sina raha. Sitaki uingie darasani huko ukiwa umebeba neno langu lile, kwa sababu lilikuwa neno baya na nilikupa mimi.

Ngoja nizunguke kidogo. Unanijua, sijawahi kusimulia jambo kwa mkato.

Ulikuwa mdogo, meno ya mbele yameng'oka, umetoka shule na kuja kunisubiri hapa bucha. Bucha imejaa watu, ilikuwa siku ya sikukuu. Ukasimama mbele ya paja lililoning'inia, ukalitazama kwa muda mrefu, kisha ukauliza kwa ile sauti yako ya kengele, "Baba, huyu alijua anakufa?" Baba mmoja aliyekuwa ameshika mfuko wa maini akauweka mezani taratibu akasema atapita kesho. Mimi nikacheka kwa nguvu ili niokoe biashara. Nikakwambia, "Ng'ombe hajui kitu, mama. Akili yake yote ni majani." Ukanikazia macho. "Umemuuliza?"

Ukatoka hapo ukaenda kumwuliza mama yako habari za dagaa. Na yeye, kama ujuavyo, maisha yake yote ni Mwaloni pale Kirumba, kati ya magunia ya dagaa. Akakujibu, "Mwanangu, dagaa ni wengi mno. Nikianza kuwauliza mmoja mmoja, soko litafungwa." Tulicheka usiku huo, mimi na yeye. Nyumba yetu inakula kwa nyama upande mmoja na kwa samaki upande wa pili, halafu Mungu akatupa mtoto anayeuliza kama wanyama wanajua kufa. Tulisema litapita, kama surua.

Halikupita. Ulipokuwa sekondari uliniomba nikupeleke machinjioni. Nilikataa, ukaendelea kuomba, nikachoka. Ulisimama pembeni na gumboti zako kubwa, hukuziba pua. Ukaona jinsi ng'ombe mmoja akishamalizwa sakafu inavyomwagiwa maji na kusuguliwa mpaka isionekane damu, ndipo anayefuata aletwe. Ukaona jinsi anayefuata anavyosimamishwa nyuma ya ukuta asione. Ukamwona Shabani, mchinjaji wetu, anavyokificha kisu nyuma ya paja na kutembea polepole, na jinsi vijana wanavyokatazwa kupiga kelele. Tulipotoka ukaniuliza, "Baba, kama hawajui kitu, mbona mnawaficha?"

Minza, kazi ile niliianza kijana, nikimwaga maji sakafuni kabla sijawa na bucha. Nimemwaga maji yale miaka mingi. Haijawahi kunijia akilini kwamba mtu anayesema ng'ombe hajui kitu hana sababu ya kumwaga maji. Wewe uliliona kwa asubuhi moja. Nikakupa hela ya soda. Kesho yake nikawauliza wenzangu swali lako. Wakacheka, halafu kicheko kikakatika, na Shabani akasema, "Mwambie binti yako asirudi hapa, atatufungia kazi." Lakini alisema kwa heshima. Siku ile nilitembea kwenda nyumbani kifua mbele, nikijua kwamba nina mtoto mwenye macho.

Sasa nije kwa Shangazi.

Labda siku moja utamsomea barua hii rafiki asiyetufahamu, kwa hiyo niseme: Shangazi alikuwa ng'ombe. Ukoo wake ulitoka kwenye mahari ya dada yangu, ndiyo maana tukamwita hivyo, na dada yangu mpaka leo hajatusamehe. Ndama wake jike, ambaye sasa naye amekua na anakamuliwa, tukamwita Binamu. Shangazi ndiye aliyekunywesha maziwa. Ulimkamua wewe tangu vidole vyako vilipopata nguvu, na ulikuwa ukimsimulia mambo ya shule huku unakamua, mpaka mama yako akasema yule ng'ombe angeweza kufanya mtihani.

Msimu huu wa mvua akateleza kwenye lile jabali nyuma ya nyumba. Nyonga ikavunjika. Alilala zizini, anakula ukimletea majani mdomoni, lakini kusimama hawezi. Bwana mifugo akaja, akampapasa, akatikisa kichwa. Wewe ukasema tusubiri kidogo. Ukamgeuza upande huu na upande ule ili asipate vidonda, ukampa maji kwa sufuria. Mimi nilijua hatapona, na nilijua pia kwamba akifa mwenyewe atakuwa kibudu, nyama ya kufukia. Ni hesabu ya muuza nyama, siwezi kuikana. Nikamwita Shabani.

Babu yako kule Magu hakuwahi kumwaga damu ya ng'ombe ndani ya zizi. Hata mnyama awe mgonjwa vipi, alikokotwa nje, akapelekwa chini kule upepo unakoelekea, na baadaye damu ikafukiwa kwa udongo mwingi. Mimi nilipokuwa kijana niliona ni mambo ya wazee. Na siku ile mvua ilikuwa inanyesha kweli kweli, Shangazi ni mzito, watu wa kumbeba hawapo. Nikamwambia Shabani, "Malizia hapo hapo." Shabani aliuliza mara mbili, "Hapa hapa zizini, mzee?" Nikasema hapo hapo.

Wewe ulikuwa umekaa kwenye matope upande wa kichwa chake. Nilikwambia uondoke, hukuondoka. Shangazi alikuwa ameinua kichwa, masikio yamesimama, anamtazama Shabani, na pua zake zinapanuka. Ng'ombe ambaye kwa siku zote zile hakuwa na habari na mtu aliyeingia, leo anamtazama huyu mmoja. Ukaweka mkono chini ya taya lake ukaanza kumsimulia kitu, sikusikia nini. Akashusha kichwa kwenye paja lako. Shabani akasema bismillahi.

Jioni ng'ombe wetu wengine wakarudi kutoka malishoni. Binamu alikuwa mbele. Alifika mlangoni pa zizi akasimama kama amegonga ukuta. Akanusa chini, akachimba udongo kwa kwato, halafu akatoa sauti ambayo mimi, mtu niliyeishi na ng'ombe tangu kuzaliwa, nilikuwa nimeisikia utotoni tu na nikaisahau. Haikuwa sauti ya njaa wala ya kuita ndama. Wenzake wakaja, wakazunguka pale pale, wakalia wote. Majirani wakatoka nje. Mtu mmoja akauliza kama ng'ombe wetu wamelogwa. Nilishika fimbo nikawaswaga waingie, wakakataa, na Binamu akanigeukia akanitazama, nikaishusha fimbo.

Ni wewe uliyechukua jembe. Ulichimba udongo wote wenye damu, ukaubeba kwa karai mpaka bondeni, ukamwaga majivu ya jikoni, ukaleta udongo mpya. Mimi nilisimama tu. Wakati ule ndipo nilipomwelewa babu yako, na yeye amekwisha kulala kaburini, siwezi kumwambia. Ng'ombe walilala nje kwenye mvua mpaka ulipowashawishi kuingia kesho yake, mmoja mmoja, wewe ukitangulia mbele. Binamu alikatisha maziwa. Kila alipopita pale alisimama, ananusa, anapita.

Nikakuuliza, maana nilitaka kusikia kutoka kwako, "Haya daktari, walijua?" Nilisema kwa mzaha, lakini sikuwa natania. Ukajibu huku unanawa miguu, "Wanajua kuna kitu kibaya kimetokea, baba. Wanajua Shangazi hayupo. Lakini kama wanajua kwamba na wao siku moja watakufa, hilo sijui. Inawezekana ni harufu ya woga tu. Sijui."

Wazazi wengine wanajivunia watoto wanaojua. Mimi nilijivunia hiyo sijui yako. Ulikuwa na hasira na mimi, ulikuwa na haki ya kunipiga kwa maneno. Ungeweza kusema, "Ndiyo, walijua, na wewe ndiye uliyewafanyia." Ningeamini. Lakini hukutaka kusema zaidi ya ulichokiona, hata kwa kunikomoa.

Usiku wa siku ile ya kuchinja tukakaa mezani. Nyama ya Shangazi sikuiuza, niligawa kwa majirani, na kidogo ikapikwa. Wewe hukula. Mama yako alikula huku analia, akasema anakula kwa heshima. Ukaweka kijiko chini ukasema, "Baba, siendi Morogoro. Nitaomba nibadilishiwe, nisome uhasibu. Kule nitafundishwa kuwaua pia. Siwezi." Na mimi, kwa sababu nilikuwa na aibu ya zizi, na kwa sababu nilikuwa nimekwisha kumwambia mtaa mzima, nikatoa lile neno. "Utazoea, mwanangu. Mimi mwenyewe nilizoea."

Ni kweli nilizoea. Acha nikwambie nilivyozoea, maana hili sijakusimulia.

Babu yako alipofariki, mimi kama mtoto wa kiume mkubwa nilitakiwa kuchagua fahali wa msiba. Niliingia zizini kwake Magu, nikawashika ng'ombe migongo mmoja mmoja, nikakadiria kilo, nikasema huyu. Nilisimamia kuchinja, nikasimamia kugawa, nikajua nani kapata mbavu na nani kapata kichwa. Watu walinisifu, wakasema huyu ni mwanaume. Sikudondosha chozi. Nilijiona nina nguvu. Kumbe nilikuwa nimemzika baba yangu kama mtu anayesimamia shehena.

Miezi ikapita. Siku moja niko mnadani nanunua ng'ombe wa bucha, nikamwona mzee mmoja amemleta fahali wake auze. Kabla ya kukabidhi kamba alimpigia mluzi, mluzi mwembamba wa kichungaji, ule ule wa babu yako, na fahali akageuza masikio kumsikiliza. Mzee akamaliza mluzi wake, akakabidhi kamba, akaondoka bila kugeuka. Minza, nilikwenda nyuma ya lori nikalia mpaka utingo akadhani nimeibiwa. Akanichangia maji. Nililia msiba ambao watu walikuwa wamekwisha kuusahau.

Hayo ndiyo mazoea. Nilidhani nimezoea ng'ombe peke yao, kumbe nimezoea vyote. Nilikuwa nimejifundisha kutotazama jicho la anayekufa, na baba yangu alipolala kitandani pale hospitali akinitazama, nilikuwa natazama dripu. Sikuombi msamaha kwa hilo, si lako kulisamehe. Nakwambia tu ili ujue bei ya lile neno nililokupa bure mezani.

Ulikaa na swali lako, ukaamua kwenda. Nilifurahi, nikadhani yamepita. Mpaka juzi jikoni nikasikia kwamba unakwenda ukiwa umejipanga kuwa jiwe. Nikawa natafuta namna ya kukwambia usiwe jiwe, na kila nikifungua mdomo naanza kuongea habari za nauli.

Leo asubuhi umeniondolea kazi hiyo, na wewe mwenyewe hujui.

Uliitwa kwa Mama Koku, jirani yetu wa nyuma, yule mjane wa Bukoba. Mbwa wake Simba, aliyekuwa wa marehemu mumewe, alikuwa amefikia mwisho, hali chakula, hasimami, anahema kwa shida. Bwana mifugo alikuwa amekuja na sindano ya kumpumzisha. Mama Koku hakutuma mtu aniite mimi, mtu mzima, muuza nyama. Alimtuma mjukuu wake aseme, "Bibi anamwomba dada Minza aje amshikie Simba." Uliacha begi wazi kitandani ukaenda.

Mimi nilikuwa nachota maji. Ukuta wetu pale umebomoka, unajua, naahidi kuujenga kila mwaka. Nikawaona wote. Mama Koku amekaa kwenye kigoda, kanga ameishika mdomoni. Wewe umepiga magoti, umemshika mbwa kichwa kwa mkono mmoja, na kwa mwingine umeuvuta mkono wa Mama Koku ukauweka shingoni mwa Simba. Bwana mifugo akafanya kazi yake. Halafu yule mama akakuuliza swali lako, lile ulilotuuliza sisi ulipokuwa huna meno.

"Minza, alijua?"

Nilijua ni rahisi kiasi gani kumpa mjane jibu tamu. Kusema hakujua, mama, amelala tu. Mimi ningesema hivyo. Wewe machozi yalikuwa yanakutoka waziwazi, hukuyafuta, mkono wako juu ya sikio la mbwa unatetemeka na hukuuondoa. Ukamwambia:

"Kama alijua anakufa, mama, sijui, sitakudanganya. Lakini alijua upo."

Mama Koku alikushika kichwa kwa mikono yote miwili akakibusu. Ndoo yangu ilikuwa imejaa kitambo, maji yanamwagika miguuni.

Basi lile neno langu la mezani nalichukua tena, mwanangu. Usizoee. Watakufundisha dawa, mifupa na magonjwa, jifunze vyote, ushinde wote. Lakini huo mkono unaotetemeka usiuache hapa Mkolani. Nimeishi katikati ya vifo vya wanyama maisha yangu yote na sijawahi kuona mtu akiifanya kazi ile vizuri kama nilivyokuona leo, umepiga magoti uani kwa jirani, umevaa gauni la safari ulilokuwa unalijaribu.

Na mimi nina ombi, nalisema nikiwa mzima na nimeshiba. Siku yangu itakapofika, nami nitajua au sitajua, hilo tumwachie Mungu. Wasikuambie uko mbali, usije. Njoo. Nataka wewe ndiye ukae upande wa kichwa.

Kesho pale stendi nitakuwa mtu wa kubeba mizigo na kugombana na kondakta. Ukikumbuka huko kwamba sikukutazama, ujue sababu, na ujue kwamba hapa ninapoandika nimekutazama vya kutosha na nimeridhika na kila nilichokiona.

Nenda, daktari wangu.

Baba yako,
muuza nyama wa Mkolani